Aliyejaza Madebe

Shemeji yangu Makoye alikuwa mchimbaji kabla hajawa mfugaji, na alikuwa mfugaji kabla hajawa mtu wa samaki. Kazi zote tatu zilimfanyia mchezo uleule: akishaizoea, inakufa. Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966, yeye akiwa ndiyo kwanza ametolewa kwenye kusukuma vigari vya mawe na kukabidhiwa mashine ya kutoboa mwamba. Akarudi kwao na ng'ombe aliowapata kwa jasho la shimoni, nao wakapukutishwa na ugonjwa wa ndigana. Mimi nina haki ya kumtania, maana ni mume wa dada yangu, kwa hiyo nilikuwa namwambia, "Shemeji, ndoa ya Generoza usiizoee sana." Alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Kicheko chake cha enzi hizo nakikumbuka vizuri kuliko sura yake ya siku hizi.

Naandika habari zake kwa sababu wanaomtaja leo humtaja kwa jambo moja tu, na hulitaja vibaya. Wanasema Makoye ndiye aliyempakia mama mkwe wake kwenye baiskeli mchana kweupe. Ni kweli, alimpakia. Mama mkwe huyo ni mama yangu mzazi, na mimi ndiye niliyeishika hiyo baiskeli wakati anapanda. Anayetaka kucheka na acheke, lakini kwanza asikilize.

Mwaka 1974 ilipokuja Operesheni Vijiji tuliondolewa kila mtu alikokuwa tukapangwa kwa mistari, kama matuta ya viazi, mahali palipoitwa Mwabasonda, mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli kutoka Ushirombo. Aliyepima viwanja hakuuliza nani ni nani kwa nani. Mama yetu Mbuke akapewa kiwanja, na kilichofuata, ua kwa ua, akapewa Makoye. Anayezijua desturi zetu ataelewa balaa lenyewe. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na wakikutana njiani mmoja huchepuka porini mpaka mwenzake apite. Hiyo si chuki, ni heshima, tena ya juu kabisa. Zamani haikuwa kazi ngumu kwa sababu wakwe walikaa mbali. Sasa mlango wa mama ulitazamana na mlango wa mkwewe, na kisima kilikuwa kimoja.

Wakajitungia namna ya kuishi. Mama akitaka kutoka nje, anakohoa. Makoye akisikia kikohozi, anaingia ndani au anageukia ukuta mpaka hatua zipotee. Naye akipita nyuma ya nyumba ya mama, anakohoa. Niliwaambia wote wawili kwamba wageni watadhani ukoo wetu una kifua kikuu. Makoye alicheka. Mama alinitupia mwiko, akasema heshima haina mzaha. Alikuwa mama wa maneno machache na mkono mwepesi.

Mabwawa yalianza mwaka uliofuata. Serikali ilihimiza, na mapadre wakahimiza zaidi, maana watoto wengi walikuwa wanavimba matumbo na nywele zinageuka rangi kwa kukosa chakula cha kujenga mwili. Bondeni chini ya kijiji kulikuwa na chemchemi kadhaa, kila moja na kijibonde chake. Makoye, ambaye mikono yake ilikuwa inawashwa tangu alipotoka mgodini, alichimba la kwanza karibu peke yake. Alipima mteremko kwa kamba na chupa ya maji, akajenga kingo akazishindilia kwa gogo, akaziba na udongo wa kichuguu. Waliokuja kumtazama kwa dharau wakaondoka na hamu. Rafiki yake Tarsisi akachimba la pili, Makoye akamsaidia, na baada ya hapo bonde zima likawa na mabwawa. Tukaletewa vifaranga vya perege kwenye mapipa, wakamwagwa, wakakua.

Katika bwawa la Makoye mlishaji alikuwa mama. Aliwatupia pumba, majani ya magimbi yaliyokatwakatwa, na kumbikumbi wakati wa msimu. Samaki wakikomaa, ni yeye pia aliyewabanika. Alijijengea kibanda kidogo cha nyasi kando ya bwawa na humo alishinda na moshi kuanzia asubuhi mpaka jua linapopinda. Kwa kuwa mkwe hawezi kumsogelea, waliifanya kazi kwa zamu: mama anavua kwa tenga, anajaza madebe, anayaacha ukingoni, anakohoa na kuondoka. Makoye anakuja, anabeba. Kijiji kizima kilijua utaratibu huo na kiliusifu. Wazee waliwaonyesha vijana wao kwamba hata Operesheni haijawashinda wenye adabu.

Macho ya mama yalikuwa mekundu. Yalianza tangu mimi ni mdogo, kwa kupikia kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha, na kibanda kile kiliyamalizia. Nimeshasikia watu wa mbali wakiuliza, kwani kuna nini, mwanamke gani wa kijijini asiye na macho mekundu? Hao hawajakaa kwetu. Kwetu mwanamke akiwa mzee, akiwa mjane, na macho yakiwa mekundu, anaishi kwa huruma ya majirani zake, na huruma hiyo inaweza kuisha siku yoyote. Wameuawa wengi kwa mapanga kwa kuitwa wachawi, na sababu ni moshi wa jikoni. Likinijia hilo mpaka leo nashindwa kukaa kitako.

Kisha kipindupindu kikafika. Ilikuwa mwaka 1978, kilitambaa kutoka wilaya hadi wilaya mpaka kikatukuta. Tarsisi alizika watoto wawili. Makoye ndiye aliyewachimbia makaburi, maana ndugu waliogopa kusogea. Mama alipeleka uji kwenye msiba, akauweka nje ya mlango kama tulivyoagizwa na watu wa afya. Naeleza haya ili ijulikane kwamba Tarsisi hakuwa adui yetu.

Kiangazi cha mwaka huohuo perege wa Makoye wakaanza kuugua. Walikuja juu wakihema, wanakwenda upande upande. Magamba yalisimama, mapezi yakaoza kama nguo iliyoliwa na mende, ubavuni wakatoka vidonda. Na macho. Macho yao yalitokeza nje ya kichwa yakawa mekundu kabisa. Mama alimleta mmoja nyumbani kwangu juu ya jani, akamlaza chini. "Skola," akaniambia, "tazama jicho hili." Nadhani yeye aliuona mwisho wake siku ile, mapema kuliko sisi sote.

Makoye alifanya kile ambacho baba yake angefanya, na babu yake. Mfugaji wa kwetu haweki ng'ombe wote kwenye zizi moja. Ukisikia sotoka imeingia, unawatenga wale ambao bado wanasimama vizuri na kuwatawanya kwa ndugu na marafiki, huyu wawili, yule watatu, ili zizi lako likifa mbegu ibaki mahali. Ndivyo ukoo mzima ulivyopona njaa mara nyingi. Aliyepewa hushukuru, na anayetoa hulala akiwa na matumaini. Makoye akamwagiza Generoza amwambie mama achague perege wenye afya, na mama akachagua kwa uangalifu mkubwa, kila asiye na doa wala kidonda. Akajaza madebe, akayaacha ukingoni, akakohoa. Makoye akayabeba kwa mti begani, bwawa hadi bwawa. Alianza kwa Tarsisi.

Tarsisi alimchinjia kuku. "Wewe ni ndugu," akasema mbele yangu, "umenipa mbegu wakati mimi sina hata mtoto wa kumtuma kuwalisha." Walikula pamoja, na Makoye alirudi nyumbani ametulia kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze. Alisema hata bwawa lake likifa, samaki hawataisha bondeni.

Waliisha. Mwezi haukupita, bwawa la Tarsisi likawa jeupe kwa matumbo ya samaki. Likafuata lingine, na lingine, yote aliyoyafikia na madebe. Bonde likanuka mpaka kanisani. Makoye alishuka huko asubuhi akapanda jioni, akiwatoa wafu kwa tenga na kuwazika, na hakukubali nimsaidie. Bado hakuelewa. Aliniambia, "Shemeji, ng'ombe hawafanyi hivi."

Akaja Bwana Samaki, ndivyo tulivyomwita ofisa wa uvuvi, kijana mpole aitwaye Stanslaus. Akatutazamia samaki, akawapasua, akachukua maji na vipande vya maini kutoka kila bwawa akavitia kwenye vichupa. Alisema huenda ni vijidudu, lakini ni vijidudu gani na vimetoka wapi, hapa nchini hakuna mashine ya kumjibu. Mapadre wana jamaa zao kwenye chuo kikubwa Ulaya, atawaomba vipelekwe huko. Makoye alimshika mkono akauliza kama jibu litasema nani ameleta ugonjwa. Stanslaus akasema jibu litasema vijidudu hivi ni ndugu wa nani. Makoye aliridhika na hilo. Alilishika kama mtu anayezama anavyoshika mzizi.

Jibu halikuja. Vita na Idi Amin vikaanza, magari yakaenda mpakani, mafuta yakawa hadithi, Stanslaus hakuonekana. Na mahali pasipo na jibu watu hujipatia la kwao. Nilianza kuliona kisimani. Mama akifika, wanawake wanachota upesi na kuondoka na ndoo zisizojaa. Alikuwa mkunga, na wanawake aliowazalisha walianza kuwaficha watoto wao nyuma ya kanga. Mtu akamsalimia "Mwangaluka" bila kungoja aitikie. Kisha nikasikia maneno yenyewe, kutoka kwa jirani ambaye hakujua nimesimama nyuma ya ua: samaki wanakufa na macho ya Mbuke. Nilitaka kumrukia. Nikarudi ndani, nikalia kwa hasira na kwa woga, sijui kipi zaidi.

Makoye alikuwa anakwenda misheni Ushirombo kila baiskeli ilipokuwa na mpira mzima, kuuliza kama jibu limefika. Walimwambia subiri. Alirudi amefunikwa na vumbi, anapita nyuma ya nyumba ya mama, anakohoa, na mama ndani anakohoa kujibu. Ndiyo mazungumzo pekee waliyokuwa nayo. Siku moja nilimwambia tumhamishe mama, aende kwa wajomba zetu kule Kahama. Akasema akikimbia sasa atakuwa amekubali. "Jibu likija watamwomba radhi," alisema. Sikumtania tena tangu wakati huo.

Vita vilipokwisha Stanslaus alirudi, na jibu lilikuwa naye. Tuliitwa kwenye ghala la pamba la kijiji. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane, kwa hiyo nikasimama kando yake kutafsiri kwa Kisukuma. Mama alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, na Makoye alikaa mbele akimpa mgongo kama inavyotakiwa.

Stanslaus alieleza vizuri. Alisema ndani ya kila kijidudu kuna nyuzi mbili zilizosokotana, zimebeba urithi wake wote. Siku hizi wanauita vinasaba. Ukizipasha moto zinaachana, zikipoa zinasokotana tena. Wale wataalamu walichukua nyuzi za kijidudu cha bwawa moja na za kijidudu cha bwawa jingine, wakazipasha moto pamoja, kisha wakaziacha zipoe pamoja. Kama vijidudu hivyo ni ndugu, nyuzi za huyu zinashikana na za yule. Kama ni wageni, kila uzi unabaki na wa kwake. Nilipotafsiri, watu walipenda. Mwanamke mmoja akasema hata binadamu wako hivyo hivyo, na watu wakacheka kidogo. Nikapata pumzi.

"Vijidudu vya mabwawa yenu yote," Stanslaus akasema, "ni watoto wa tumbo moja."

"Na ukoo wao?" akauliza Tarsisi.

Lilikuwa swali la haki. Kwetu huwezi kumjua mtu bila kujua ukoo wake. Stanslaus alifurahi kuulizwa, masikini, akajibu kwa moyo wote. Akasema ni ukoo mkubwa. Wengi wao wanaishi baharini, kwenye maji ya chumvi, na huko wanawaua samaki vilevile, kwa vidonda na macho kutokeza. Hiki cha kwenu ni binamu wa hao. "Na kuna mwingine wa ukoo huohuo ambaye ninyi mnamfahamu," akasema. "Kipindupindu."

Sikuwa nimefungua mdomo kutafsiri. Neno lile halikuhitaji mkalimani.

Stanslaus aliona nyuso, akaharakisha. Akasema binamu si yuleyule, kipindupindu kinaua watu na hiki kinaua samaki, undugu wao ni wa mbali. Nilitafsiri kila neno, nikapaza sauti mpaka ikanikauka. Lakini sisi ni watu ambao mmoja wetu akiua, ukoo mzima unatoa ng'ombe wa fidia. Hatuna binamu asiyehusika. Tarsisi alikuwa amesimama, na nilimwona akihesabu makaburi yake moyoni.

"Kwa hiyo kilichoua samaki wangu na kilichoua watoto wangu ni ndugu," akasema.

"Ndiyo, lakini..."

"Nimeuliza, umenijibu. Asante, Bwana Samaki."

Stanslaus akajaribu njia nyingine. Alisema maji ya mabwawa haya hayakutani popote, kila moja lina chemchemi yake, kwa hiyo vijidudu havikuweza kutembea vyenyewe. Lazima kuna mtu aliyehamisha samaki kutoka bwawa la kwanza, hata wale wanaoonekana wazima, maana samaki anaweza kuvibeba kabla hajaonyesha kidonda. Nilipotafsiri hilo nilimtazama Makoye. Nilimwona akielewa. Alizeeka pale pale mbele ya macho yangu.

Akasimama. "Ni mimi," akasema. "Niliwagawa. Niliwachukua bwawani kwangu nikawapeleka kwa kila mtu. Nilidhani nawaokoa. Ni mimi niliyeua samaki wenu, hakuna mwingine."

Nilidhani yameisha. Nilidhani watamtukana, watamtoza faini, na mama atakwenda nyumbani. Hawakumkubalia. Mzee mmoja akasema kwa upole kabisa kwamba kugawa hakujawahi kuua, kugawa ndiko kulikotuleta hapa tulipo, na Makoye asijitwike lisilo lake kwa huzuni. Wengine wakaitikia. Baadaye ndipo nilipowaelewa. Kukubali kwamba Makoye ameua ilikuwa ni kukubali kwamba baba zao walikosea tangu mwanzo. Mchawi alikuwa rahisi zaidi.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma. "Tumwulize jambo moja. Aliyejaza madebe ni nani?"

Kila mtu alijua. Walikuwa wameusifu utaratibu ule kwa miaka.

"Nilijaza mimi," akasema Makoye.

Ulikuwa uongo wa kwanza niliousikia kinywani mwake, na hakujua kuusema. Alitazama chini. Mtu mzima akidanganya mbele ya kijiji ili kumfunika mama mkwe wake, watu hawaulizi tena kama kuna kitu cha kufunika. Walianza kutoka mmoja mmoja bila kelele, na ukimya ule ndio ulioniogopesha. Nilipogeuka kumtafuta mama, nafasi yake ilikuwa tupu.

Jua halijapinda Tarsisi alikuja uani kwa Makoye. Hakuketi. "Mtoe leo," akasema. "Wameshanoa. Mimi siwezi kuwazuia wenzangu, Makoye, na sijui kama nataka kuwazuia." Akaondoka bila kuaga, na nilimwona akijifuta uso kwa mkono wa shati.

Baiskeli ilikuwa moja, na kati yangu na Generoza hakuna aliyejua kuiendesha. Mama magoti yake hayakuweza tena safari ya mbali. Makoye akaisukuma mpaka mlangoni pa mama, akageukia ukuta. Hakukohoa.

"Mayu," akaita, ndiyo mama kwa Kisukuma. "Toka tuondoke."

"Nipande baiskeli ya mkwe wangu?" mama akajibu kutoka ndani. "Waje wanikate. Nitakufa nikiwa na heshima yangu."

Generoza alipiga magoti kizingitini akalia. Mimi sikulia, nilifoka. Nilimwambia mama yangu maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia heshima yake itabaki na nani akishakatwa. Makoye alikuwa bado ameuelekea ukuta, paji la uso limegusa udongo. "Mayu, nakuomba," akasema. "Samaki nimewaua mimi. Usinifanye niue na wewe."

Kisha mama akasema, "Nifunikeni."

Tukamfunika kaniki yake nyeusi, kichwa, uso, mabega yote, mpaka asiweze kuona wala kuonekana. Tukamtoa nje tumemshika mikono. Nikaishika baiskeli, Generoza akamnyanyua, akakaa kwenye keria upande mmoja, akashika chuma cha tandiko ili asimguse mkwewe. Makoye akapanda bila kugeuka nyuma.

Njia ilikuwa moja tu, katikati ya mistari ya nyumba. Walikuwepo, wamesimama vikundi vikundi, na baadhi yao walikuwa na mapanga na hawakuyaficha. Nilikimbia nyuma ya baiskeli nikijua kwamba sitafika popote. Na hapo likatokea jambo ambalo sikulitegemea. Walipoona ni nini kinachokuja, mwanamume amempakia mama wa mkewe, mgongo wake na kifua cha mama vimetenganishwa na upana wa kiganja, waligeuka. Mmoja baada ya mwingine walitazama pembeni, wengine wakaingia ndani, wengine wakainama kama wanatafuta kitu chini. Macho ya mtu wa kwetu hayawezi kutazama aibu ya namna ile. Wangeweza kumkata mwanamke mzee, lakini hawakuweza kumtazama akiwa juu ya baiskeli ya mkwewe. Baiskeli ikapita katikati yao ikilia mnyororo.

Kibanda chake cha kubanikia kilichomwa jioni hiyo. Moshi tuliuona kutoka nyumbani.

Masista wa misheni walimpa chumba kidogo barazani. Hakupika tena, aliletewa chakula. Na ile kaniki hakuifunua. Tukienda kumtembelea, mimi na Generoza, tuliongea na kitambaa. Alitusikiliza, akauliza habari za wajukuu, lakini uso hakuutoa. Nilipomwomba alisema, "Uso wangu nimeuacha njiani." Masista walidhani ni kawaida ya Wasukuma wazee. Makoye alimpelekea unga na viazi. Aliviweka mlangoni, akakohoa, akangoja. Mama hakukohoa kujibu hata mara moja.

Kijiji kilimwacha Makoye aishi, lakini si zaidi ya hapo. Hakuna aliyemwita kwenye pombe wala kwenye msiba. Aliyafungulia mabwawa yote maji, akayakausha, akayamwagia chokaa kama Stanslaus alivyomwelekeza. Stanslaus akaleta vifaranga wengine, nao wakakua bila ugonjwa. Hakuna aliyetaka kuwala. Makoye aliwalisha mpaka wakawa wakubwa mno kwa bwawa, na jioni alikaa ukingoni peke yake. Nilimkuta huko siku moja nikajaribu utani wa zamani, nikasema, shemeji, kazi hii nayo umeshaizoea. Alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha ya ng'ambo.

Mvua za mwaka 1981 zilipokuwa zinaisha tuliletewa habari kwamba mama ana homa kali. Makoye alitutangulia kwa baiskeli. Mimi na Generoza tulitembea, na tulipofika alikuwa amekaa chini barazani, mikono juu ya magoti. Generoza akaingia ndani na nikasikia kilio chake. Mimi nikabaki nje, maana Makoye alinishika nguo.

Akanieleza. Alifika mama akiwa ameshakata roho. Sista akatoka akauliza yuko wapi ndugu wa kumfumba macho, kwani yamebaki wazi, na mwili unaanza kukaza. Makoye akamwambia yeye ni mkwe, haruhusiwi, mabinti wako njiani. Sista akasema mabinti watachelewa. Basi akaingia. Akaifunua kaniki mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe dada yangu akamtazama mama mkwe wake usoni.

"Ni meupe, Skola," akaniambia. "Macho yake ni meupe kabisa. Kama ya mtoto."

Miaka miwili bila moshi, na chini ya kile kitambaa yalikuwa yanapona, hakuna aliyejua, hata sisi binti zake.

"Sasa tukawaambie nini?" akauliza. "Niende nikawaite waje watazame?"

"Umeshayafumba?"

"Nimeshayafumba."

"Basi yaache," nikasema.

Kisha akainuka akamwomba Sista sururu na koleo, akaenda kuchimba. Vijana wa misheni walikuja kumpokea, akawakatalia. Alichimba peke yake mpaka chini.